Mkono wa Shoto Kinywani mwa Mume Wangu

Kwa uliyechelewa kufika, vuta kigoda nikupitishe haraka, maana leo nina mengi na sina subira.

Wiki iliyopita niliwaacha pale mume wangu aliporudi safari na jino jipya la mbele. Tulisoma darasa moja mimi na yeye, chuo cha mafundi wa meno bandia. Alikuwa kiranja wa darasa, na jina la Kiranja likamganda mpaka kwenye ndoa. Siku ya mahafali tulipiga picha wanne tumeshikana mabega: mimi, Kiranja, Makucha na Shoto. Tukaapa tutafungua karakana moja, tuzeeke pamoja tukiwatia watu meno.

Karakana gani! Makucha aliacha meno akahamia kwenye kucha, ndipo alipopatia jina. Kiranja akawa wakala wa kuuza vifaa vya meno, leo mji huu, kesho mji ule. Mimi nikaajiriwa, nikafukuzwa, na mkasa huo mnaujua.

Na Shoto? Shoto alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Nilimpenda tangu siku ya kwanza darasani kwa sababu alishika kisu kwa mkono wa kushoto kama baba yangu, fundi viatu, aliyenilea kwenye harufu ya gundi na ngozi. Alikuwa awe mpambe wangu. Wiki ile ile ya harusi akatoweka. Hakuaga, simu hakupokea, nikaingia ukumbini na mpambe wa kuazima.

Haya, sasa turudi kwenye jino.

Kiranja alikuwa amelala chali kwenye kochi, anachekea kitu kwenye simu. Mimi nafagia upande wa miguu yake. Mtu akilala hivyo akacheka mpaka kichwa kikaenda nyuma, wewe uliye miguuni unayaona meno yake ya juu kwa upande wa ndani, ule unaotazama ulimi.

Nikausimamisha ufagio.

Nyuma ya lile jino jipya kulikuwa na kifereji kidogo. Kimeanzia juu kulia, kikashuka kushoto.

Jino la namna hii huchongwa kwanza kwenye nta, na nta haisahau mkono ulioichonga. Darasa letu zima tulikata kuelekea kulia kasoro mtu mmoja. Mwalimu alikuwa akimpigia kelele, "Wewe, jino lako limelala vibaya!" Naye anajibu, "Mwalimu, mimi mshoto, na jino langu shoto." Darasa likaangua kicheko, jina likapatikana.

"Jino hilo ulitengenezewa na nani vile?" nikauliza, nikiendelea kufagia pale pale palipokwisha fagiwa.

"Si nilishakwambia? Mzee mmoja huko safarini. Fundi wa siku nyingi."

"Mzee yupi?"

"Mzee tu. Ana miwani."

"Anatumia mkono gani?"

Kicheko kikakatika. "Mke wangu, mtu akiwa kinywani mwako na makoleo, utaangalia anatumia mkono gani?"

Jibu zuri. Zuri mno. Mtu mkweli hajibu vizuri hivyo, huwa anababaika kidogo.

Ngoja niwaambie kosa la Kiranja. Alikuwa kiranja mzuri, lakini kuchonga hakujua. Walimu walimpitisha kwa huruma na kwa ulimi wake mtamu. Kwake jino ni jino, jeupe mbele, basi. Hakuwahi kufikiria kwamba mkewe angeweza kumtambua mwanamke mwingine kwa nyuma ya jino.

Sikulia. Mimi nikishuku silii, napika mpango.

Kesho yake asubuhi nikamwambia, "Unasaga meno usingizini. Njoo nikupime, nikutengenezee kikinga."

"Leo umenikumbuka?" Akafurahi, maskini. Akakaa kwenye kiti cha jikoni, taulo shingoni kama mtoto anayenyolewa.

Nikakoroga ule unga wa kupimia, unaonukia peremende, nikaujaza kwenye kijiko chake kipana chenye umbo la taya, nikamsukumia mdomoni. Kijiko hicho kikishaingia, mtu hasemi. Anapumulia pua na kusubiri ute ugande. Hapo ndipo nilipompatia.

"Shoto yuko hai?"

Macho yakamtoka.

"Jibu kwa kidole. Kimoja ndiyo, viwili hapana."

"Mmmh."

"Mmmh si kidole."

Mate yakaanza kumtiririka kidevuni. Nikamfuta kwa upole, upole ambao hata mimi uliniogopesha.

"Umemwona Shoto? Kidole, baba."

Akafumba macho. Nami nikajisemea, mtu asiye na la kuficha hafumbi macho.

Simu yake ikaita mezani. Nikachungulia. Kwenye kioo pameandikwa "Mzee wa Meno". Kabla sijanyoosha mkono, Kiranja aliruka, akainyakua, akatoka nayo uani na kijiko changu kikiwa bado mdomoni!

Nikasikia, "Mm. Mm. Mm-mm." Halafu kutoka kwenye ile simu kikatoka kicheko, kile kinachoanza puani kabla ya kufika mdomoni. Nimelala kitanda cha juu na kicheko hicho chini yangu miaka yote ya chuo.

Alirudi, nikalichomoa dude langu kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Nani huyo?"

"Mteja."

"Anakuchekesha nini na wewe huwezi kusema?"

"Ndiyo maana alicheka," akasema, akasukutua, akaondoka bila chai.

Nikamimina plasta kwenye ile alama. Ilipokauka nikawa na taya la mume wangu mkononi, jeupe, gumu, na kile kifereji nyuma ya jino. Mdomo wake ulikuwa umekataa kusema, lakini taya lilikuwa limeshasema yote. Nikalifunga kwenye taulo, nikaenda kwa Makucha.

Saluni ya Makucha inanuka chuo chetu. Unga anaotengenezea kucha ni ndugu wa ule tuliotengenezea meno, na dawa ya kuukorogea ni ile ile ya kuumiza kichwa. Huwa anasema kucha ni biashara ya akili, maana hazitafuni, na hakuna mteja atakayerudi kulalamika kwamba zinamkwaruza akila nyama.

Nilimkuta ameshika mkono wa mteja. Nikalitua taya katikati ya chupa za rangi. Mteja akapiga yowe.

"Mkono wa nani huu?"

Makucha akapitisha ukucha wake mrefu nyuma ya jino. Akaurudisha haraka kama aliyeungua.

"Sijui."

"Makucha."

"Shoga, mimi siku hizi nimehamia kwenye kucha. Meno nimeyasahau."

"Makucha!"

Akamwambia mteja akaushe kwanza, akanivuta nyuma ya pazia. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Achana na jambo hili. Usimwamshe aliyelala, utalala wewe."

"Kwa hiyo unajua."

"Nimeambiwa nisiseme."

"Na nani?"

Jicho lake likakimbilia kwenye simu yake, juu ya rafu. Mimi mkono wangu ni mwepesi kuliko jicho la mtu. Alipotaka kunizuia nilikuwa nimeshaliona jina la Shoto, nimeshapiga.

"Makucha wangu, za kazi?" Sauti ya Shoto, ile ile, nzito ya asubuhi.

Nilikuwa nimepanga matusi kwa mstari. Kilichotangulia ni kwikwi.

"Si Makucha. Ni mimi."

Nikaikamata simu kwa mikono miwili.

"Nimeliona jino lako, Shoto. Tumekula sahani moja, tumevaliana nguo, kumbe ulikuwa unamkodolea macho mchumba wangu?"

"Sikiliza kwanza..."

"Sisikilizi! Ulikimbia harusi yangu kwa sababu roho ilikuuma. Sasa umerudi kumalizia ulichoanza. Mwizi mkubwa wewe. Ulinifanya dada yako ili unizoee, ukishanizoea uniibie!"

Nikamsikia anavuta pumzi, kama mtu aliyepigwa mahali penye kidonda.

"Kamuulize mama yako," akasema, akakata.

Wasomaji, mnanisikia? Kunitajia mama yangu! Katikati ya ugomvi, kumtajia mtu mama yake ni tusi hata usipoongeza neno. Nikalinyakua taya langu, nikatoka saluni. Makucha akanifuata mpaka mlangoni akiita, nami sikugeuka.

Kiranja aliporudi mchana alilikuta begi lake barazani.

"Nini hiki?"

"Begi lako. Na hilo jino ondoka nalo."

Akalitazama begi, akanitazama mimi, akaona taya la plasta limekaa dirishani linamkenulia. Akaelewa.

"Mke wangu, sivyo unavyofikiri."

"Basi niambie ilivyo. Nimekaa, nasikiliza."

Akakaa juu ya begi. Mtu mwenye ulimi mtamu kuliko wote darasani, leo ameishiwa maneno.

"Siwezi. Nimeapa."

"Umemwapia Shoto?"

"Hapana. Nimemwapia mtu mzima. Mtu ambaye mimi na wewe hatuwezi kumvunjia heshima."

"Kuna mtu mzima gani anayelinda umalaya wako?"

Jirani wa mbele alikuwa anaanika nguo moja kwa muda mrefu sana. Kiranja hakumjali. Alinitazama, na machoni mwake sikuona hasira wala woga. Niliona huruma, nikazidi kupandisha mori.

"Ondoka!"

"Naondoka," akasema taratibu. "Ukishajua, nipigie. Nitapokea."

Akalibeba begi akaenda. Niwe mkweli: nilitaka abembeleze. Nilitaka apige magoti, nimkatalie mara mbili tatu, kisha tuone. Hakubembeleza.

Nilipofunga mlango ndipo maneno mawili yalipokutana kichwani mwangu. Kamuulize mama yako. Nimemwapia mtu mzima.

Nikalichukua taya dirishani, nikalifunga tena kwenye taulo, nikatoka.

Nyumba ya wazazi wangu, mbele ni kibanda cha baba cha viatu, nyuma ni jiko la mama. Kibandani hapakuwa na mtu, baba alikuwa amekwenda kununua soli. Nikapitiliza jikoni. Mama aliponiona akauziba mdomo kwa kiganja.

"Mbona hukusema unakuja?" Aliyasema kwa midomo iliyobanana.

Mama yangu hana meno ya juu tangu nikiwa chuoni. Nilimwahidi kwamba kazi yangu ya kwanza nikiajiriwa itakuwa meno yake. Nikafukuzwa kazi kabla. Mpaka leo nikimwona anaumung'unya mkate uliolowekwa kwenye chai, naona haya.

Dirishani palikuwa na bilauri ya maji. Ndani ya bilauri, meno.

Meno mapya, mazuri. Nikayatoa, nikayageuza. Fizi zake za bandia zilikuwa zimechongwa kwa ustadi, na nyuma ya jino la mbele palikuwa na kifereji. Kimeanzia juu kulia, kikashuka kushoto.

Yaani hata mama yangu?

"Haya umeyapata wapi, mama?"

"Mkwe wangu alinipeleka."

Nikalifungua taulo, nikaliweka taya la Kiranja mezani, na yale meno ya bilauri pembeni. Mama si fundi, lakini aliuona uso wangu. Akavuta kigoda, akakaa.

"Una hasira na nani, mwanangu?"

"Na Shoto. Na Kiranja. Nimemtolea begi nje."

"Mungu wangu!" Akashika kichwa. "Mrudishe mumeo. Wale hawana kosa. Yule binti nilimfukuza mimi."

"Ulimfukuza? Wewe?"

"Wiki ya harusi yako. Alikuja kunisaidia hapa jikoni, nikampa vitunguu akate. Nikamwangalia. Kisu mkono wa kushoto, kidole gumba kimelala mgongoni mwa kisu, shingo imeinama upande. Mwanangu, mkono ule nimeishi nao nyumba moja tangu ujana wangu. Nikamuuliza, mama yako ni nani? Akanitajia, hana hili wala lile. Yule mwanamke namjua. Alikuwa akimletea baba yako viatu vya kushona, viatu visivyokuwa na tatizo lolote."

Sikuhitaji amalizie. Mwili wangu ulishaelewa kabla ya kichwa.

"Nikamwambia yote, papo hapo, kwa hasira. Nikamwambia aondoke, harusini asikanyage, na wewe asikwambie neno. Hakubisha. Alikiweka kisu chini akanawa mikono akaenda. Tangu siku hiyo sina raha. Kisha mumeo akamkuta kwenye karakana ya mji mwingine alikopeleka vifaa, yule binti akamwelekeza kwangu, akaja kuniuliza. Nikamwapisha asiseme. Mwisho dhamiri ikanishinda, nikamwomba anipeleke, nikamwombe radhi."

"Akakufanya nini?"

"Nilidhani atanitukana. Alinikalisha kitini akanipima kinywa." Machozi yalikuwa yanamshuka. "Mdomo niliomfukuzia, ndio alioutia meno."

"Kwa hiyo ni dada yangu."

Mama akaitikia kwa kichwa.

Nimekua peke yangu, mnajua. Utotoni nilikuwa nawaomba wazazi wangu wanizalie mdogo wangu kama wengine wanavyoomba peremende. Na leo hii dada yangu wa damu nimemwita mwizi, nikamwambia alijifanya dada ili aniibie. Niliona aibu mpaka masikio yakavuma. Chini ya aibu ile kulikuwa na furaha, na sikujua niiweke wapi.

"Baba anajua?"

"Hajui." Akanishika kifundo cha mkono, akakibana. "Yule mwanamke alihama na mimba yake, hakumwambia mtu. Na wewe hutamwambia baba yako. Akijua, ama ataniomba msamaha ama ataondoka, na mimi sijui ni lipi nitaliweza."

"Mama, siwezi kukaa na jambo kama hili."

"Mumeo ameweza. Niapie."

Sikuwahi kuapa. Mlango wa mbele ulilia, tukasikia hatua na mluzi. Mama akainyakua bilauri, akatumbukiza meno, akaisukuma nyuma ya sufuria. Mimi nikafuta macho kwa taulo.

Baba akaingia na soli kwapani. "Mbona kimya? Nani kafa?"

"Hakuna, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Umekonda." Kisha akaliona taya.

Baba yangu hawezi kuona kitu kilichotengenezwa kwa mkono akakiacha. Akakiokota. "Kinywa cha nani hiki?"

"Cha Kiranja, baba. Nampima."

"Anakenua hata akiwa plasta!" Akacheka, kidole gumba kikilizunguka taya, kikapita mbele ya meno, kikapita nyuma. Pale nyuma kikasimama.

Akaacha kucheka. Akalihamishia taya mkono wa kulia, akatoa mfukoni kisu chake cha ngozi kwa mkono wa kushoto, akakilaza taratibu ndani ya kile kifereji. Kisu kikatulia.

"Hili jino umechonga wewe?"

"Hapana, baba."

"Najua si wewe. Wewe nilikufundisha mwenyewe, unakata kwenda kulia." Alikuwa anaongea na mimi, lakini anamtazama mama. "Huyu ni mshoto, na kisu anakishika kama mimi. Nani kamfundisha?"

Nilimwangalia mama. Nilidhani atadanganya. Akasema, bila meno, kila neno likisikika.

"Hakufundishwa. Kazaliwa nao."

Baba akakikunja kisu. Akavuta kiti, akakaa, soli zikamwanguka kutoka kwapani naye asiziokote. Hakuuliza ni mtoto wa nani. Hakushangaa hata kidogo.

"Yuko wapi sasa?" akauliza.